Mabuti ya Mabela, Theluji ya Ufini

Mnaniuliza mguu una nini. Mmeniuliza harusini, mmeniuliza msibani kwa watu ambako hata haikufaa, na juzi mmoja wenu, namjua na mwenyewe anajijua, aliniuliza huku anacheka. Sasa naandika mara moja, msome nyote, na baada ya hapa asiniulize mtu. Ukucha wa kidole gumba cha mguu wa kulia umeng'oka, na kidole cha pili hakina hisia mpaka leo. Sababu ni viatu. Mambo ya viza na tiketi nayaruka, kila mtu anayajua na hayana utamu.

Kwa asiyejua: binti yangu Rahma ameolewa Ufini, kaskazini kabisa, mahali ambapo mchana wa baridi hupita kabla hujamaliza kunywa chai. Mumewe ni wa huko huko, alisilimu akaitwa Yusuf. Rahma alijifungua mtoto wake wa kwanza baridi ilipoanza. Nyinyi mnajua kwetu: mzazi hukaa ndani arubaini, akandwe maji ya moto, anywe uji wa pilipili manga, na baridi isimguse, maana baridi ikimwingia mzazi haitoki tena. Mwenye kazi hiyo ni mama. Sanduku langu lilikuwa limeshafungwa Yusuf alipopanda juu ya paa kukwangua theluji, akaanguka, akavunjika bega. Rahma akanipigia simu.

"Mama, usishtuke. Yusuf mzima, ila mkono wamemfunga. Sasa huku nyumba inapata joto kwa jiko la kuni, na kuni zenyewe bado magogo. Njoo na viatu vya kazi, vya theluji."

"Nani wa kuchanja hizo kuni?"

Nilisikia kichanga kinalia nyuma yake.

"Nimekufahamu," nikamwambia.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa shoka sijatoka hata nyumbani kwangu Ghubra, hapa Maskati. Nilikasirika, na sikukasirika na Rahma. Nilikasirika kwamba mwanangu amezaa mahali ambapo hana shangazi, hana jirani, hana hata mwanamke mmoja wa kumchemshia maji. Hasira hiyo nilipanda nayo ndege, na nyingine nilizikuta njiani.

Mabela, kutafuta mabuti

Kaka yangu Seif alifanya kazi miaka mingi kwenye ghala la kampuni ya mafuta huko jangwani, na tangu astaafu hakuna kitu asichokijua. Yeye ndiye aliyenipeleka sanaiya ya Mabela, kule kwenye viwanda na magereji, kwenye duka la vifaa vya kazi: makofia ya plastiki, glavu, mabuti yamepangwa mpaka darini. Nje jua linawaka, ndani kiyoyozi kimefunguliwa mpaka mwisho. Kaka Seif akasema hiyo baridi ya kiyoyozi itatusaidia kujaribu.

Muuzaji alikuwa Mkenya, Njoroge, mtu mchangamfu, ndevu amezinyoa vizuri.

"Mama, theluji? Umefika," akasema. "Mimi natoka Nyandarua. Huko asubuhi unapata nyasi imekuwa nyeupe yote. Nimepasua kuni na gambuti tangu nikiwa mdogo, na baridi haijawahi kunishika."

"Nnataka kitu cha kuvua upesi," nikamwambia.

Hapo ndipo penyewe, wenzangu, na nyinyi mngefanya vilevile. Mimi kiatu nakipima hivi: nakivaa, nasimama, kisha nakivua bila kuinama na bila kutumia mkono. Kikitoka, nanunua. Nani katika sisi anaingia nyumbani na viatu? Na nyumba yenyewe ina mzazi na kichanga. Nitatoka na kuingia, kutoka na kuingia, mikono imejaa kuni. Kamba nitazifungua kwa meno?

Kaka Seif akaleta ya kwake. "Lazima viwe na chuma mbele, Zuwena. Shoka likikuangukia?"

"Ziko na chuma," Njoroge akasema, akashusha jozi moja ya rangi ya haradali, haina kamba, unatumbukiza mguu tu. "Hizi ndizo, mama. Hazipitishi maji. Unavaa, unatoa, unavaa, unatoa."

Nikavaa. Mbele vilinibana kwa sababu ya kile chuma, nyuma vililegea. Kaka Seif akabonyeza kwa kidole, akasema vitatanuka vyenyewe. Nikasimama, nikakanyaga kisigino kimoja kwa ncha ya kiatu cha pili, buti likatoka kama ndara. Njoroge akapiga makofi. Tulikuwa watu watatu mle dukani, hakuna hata mmoja aliyewahi kukanyaga theluji, na wote tulikuwa na hakika. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nilitoka pale nimefurahi.

Uwanja wa ndege, na mwengine

Sanduku lilijaa samli, tangawizi, mdalasini, pilipili manga, halwa, na udi wa kumfukizia mzazi. Mabuti hayakuingia. Nikayavaa miguuni, na buibui langu juu yake, nikawa kituko.

Maskati mashine ililia. Nikavua, upesi, bila kuinama, nikajisifu moyoni. Istanbul mashine ikalia tena. Mwanamke wa ulinzi akanionyesha nivue, akaligonga buti kwa kidole, akamwita mwenzake, mwenzake akamwita mwengine. Wakalipitisha mara ya pili, wakachungulia ndani. Nikawaambia kwa Kiarabu kwamba hiki ni kiatu cha kuchanjia kuni, naenda kwa binti yangu mzazi. Hawakufahamu hata neno moja. Nikaonyesha kwa mikono: nikanyanyua shoka, nikapiga. Mjinga gani anaonyesha kupiga shoka uwanja wa ndege? Nikakalishwa pembeni mpaka alipopatikana mtu wa kuzungumza nami, naye akaanza kwa kuniuliza kama nimechoka. Nimechoka! Miguu imevimba, ndege ya kuendelea imechelewa kwa theluji, na chai yao wanakupa kwenye kikombe cha kumpa mgonjwa dawa. Nilimjibu vibaya, na sijutii.

Kwenye treni

Kutoka mji mkuu wao ni treni, kutwa nzima. Treni ikasimama katikati ya msitu kwa sababu ya theluji kwenye njia, ikabaki pale. Hakuna aliyelalamika. Hilo lilinitia hasira kuliko kule kusimama. Kwetu watu wangeshafahamiana mpaka majina ya babu zao. Wale wametazama madirishani, kimya, kana kwamba wamelipia kusimama.

Mbele yangu alikaa bibi mmoja amevaa sweta la sufu. Baada ya muda mrefu akafungua kitambaa, akanipa andazi bapa jeusi lenye kitu cheupe katikati. Nikaogopa nguruwe. Sina neno la kumuuliza, basi nikakoroma kama nguruwe, taratibu, kwa adabu. Behewa zima likageuka. Bibi akacheka mpaka akafuta macho, akatikisa kichwa, akabandua kile cheupe akanionyesha punje. Wali. Wali, wenzangu, ndani ya mkate, hauna hata hiliki. Niliula kwa njaa. Nikampa halwa, akaimung'unya kwa makini, akanyoosha mkono apewe tena.

Kisha akayaona mabuti. Akainama, akabonyeza pale kwenye chuma kwa gumba lake, akavuta pumzi kwenye meno, akasema maneno mengi, mengi kuliko aliyosema kutwa. Mimi nikadhani anayasifu.

"Oman," nikamwambia, nikayainua ayaone vizuri.

Kwa Rahma

Mwanangu alikuwa amekonda. Alinifungulia mlango mwenyewe, na soksi miguuni, nikamfokea kabla ya kumkumbatia. "Rudi kitandani! Mzazi anasimama mlangoni?" Akacheka, akalia, akarudi. Mtoto wa kiume, ana masikio ya marehemu mume wangu. Nikamchemshia Rahma maji nikamkanda siku ile ile, kabla sijavua hata buibui.

Yusuf ni mrefu, mpole, na hasemi. Ana maneno yake manne ya Kiswahili aliyofundishwa na mkewe: salaam aleikum, karibu, asante, na pole. Hilo la mwisho alilipenda. Nikibeba ndoo, "Pole, Mama." Nikikohoa, "Pole, Mama." Nilipotia mguu kwenye mabuti yangu mara ya kwanza, akayatazama, akanitazama mimi, akafungua mdomo. "Pole, Mama," akasema, akaondoka.

Kuchanja kuni alinifundisha yeye, kwa mkono mmoja na kwa ishara. Unasimamisha pande la gogo juu ya gogo kubwa, unapanua miguu, unaliachia shoka lishuke kwa uzito wake. Nilikosa, nikakosa, kisha gogo likapasuka katikati kwa mlio safi, na nakwambieni ukweli, ilinipendeza. Kila pande nililipa jina. Moja Njoroge, moja Kaka Seif, moja yule mwanamke wa ulinzi. Yalipasuka yote.

Lakini miguu! Kile chuma kilikuwa kinameza baridi na kuipeleka moja kwa moja kwenye vidole. Soksi nene haziingii, maana mbele panabana. Nikirudi ndani navua upesi kama nilivyotaka, nakaa karibu na jiko nasaga meno mpaka vidole viwake. Rahma sikumwambia. Mzazi haambiwi mambo kama hayo.

Sasa sikilizeni vita yangu na mkwe wangu. Asubuhi ya pili naamka, nakuta mabuti makubwa ya Yusuf yamewekwa sebuleni kando ya jiko, ndani ya nyumba, hatua chache na mlango wa mzazi. Mabuti ya ngozi, ya kamba, yamekanyaga sijui wapi na wapi. Na ndani yake yametumbukizwa masoksi. Nilishikwa na ghadhabu. Nikayatoa nje barazani, nikafuta pale chini kwa maji ya moto, nikafukiza udi. Asubuhi iliyofuata, yapo pale pale, yametazama mlangoni. Nikayatoa. Kesho yake, yapo. Nikayatupa, siyaweki, nayatupa, na nikahakikisha ananiona. Yusuf akanitazama kwa macho yake ya buluu.

"Pole, Mama," akasema.

Nikamwambia kwa Kiswahili chote nilichonacho kwamba viatu havikai ndani ya nyumba, kwamba hapa pana mtoto mchanga, kwamba mama yake hakumfunza. Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Kesho yake mabuti yakawa kando ya jiko. Nilifikiri ananifanyia inadi. Nilifikiri, hivi ndivyo anavyoishi mwanangu, na mtu anayeambiwa neno akalipuuza. Siku ile kuni niliyoipa jina la Yusuf niliichanja vijiti vya kuwashia moto.

Umeme ulipokatika

Kisha ukavuma upepo, ukaangusha mti juu ya waya, taa zikazimika. Mashine ya joto iliyokuwa ikisaidia jiko nayo ikafa. Limebaki jiko peke yake, na jiko lile lina njaa kama watu wa harusi. Dirisha la chumbani kwa Rahma likaanza kufanya barafu kwa ndani. Nikamfunika mablanketi, nikamlaza mtoto kifuani pake, ngozi kwa ngozi, nikasema hapa ndipo baridi itakapomwingilia mwanangu, mbele ya macho yangu. Sijawahi kuogopa vile.

Nikavaa mabuti ya haradali nikatoka kwenda banda la kuni. Theluji ilikuwa imeanguka tele, inafika magotini. Kwenda nilikwenda. Nikajaza kuni mikononi mpaka kidevuni, nikageuka. Katikati ya njia nikauvuta mguu wa kulia, na mguu ukaja. Buti halikuja.

Kiatu kinachotoka bila kuinama na bila mkono. Ndicho nilichokitaka, ndicho nilichouziwa. Theluji ilikishika kisigino kama mimi nilivyokuwa nikikishika kwa ncha ya kiatu cha pili, nami nikabaki nimesimama kwa soksi. Kuinama kutafuta, kuni zitaanguka zilowe. Shimo lenyewe lilikuwa limeshajifukia. Nikatukana. Nilitukana kwa Kiarabu, nikatukana kwa Kiswahili cha Unguja, maneno ambayo mama yangu hakujua kwamba nayajua. Kuni sikuziacha. Nikatembea hivyo mpaka mlangoni, mguu mmoja kwenye chuma, mmoja kwenye theluji.

Nilipozitua kuni kando ya jiko ndipo nikautazama mguu. Vidole vilikuwa vyeupe kama mshumaa, na nikivigusa havikuwa vyangu. Nikataka kuvitia karibu na moto. Yusuf akaruka, akanizuia kwa ule mkono wake mmoja, na kwa mara ya kwanza akapiga kelele. Rahma akatoka chumbani, mtoto kifuani, miguu mitupu sakafuni.

"Rudi ndani!" nikamlilia. "Baridi!"

"Mama, mbona umetoka na hivyo? Mabuti ya Yusuf yako wapi?"

"Nimeyatupa nje! Kila siku nayatupa, kila siku ananirudishia. Mumeo hana adabu!"

Rahma akanitazama, kisha akamtazama mumewe, wakasemezana kile kilugha chao. Akaanza kulia.

"Mama, anakupashia moto wewe," akasema. "Na soksi kakutilia za mama yake. Siku uliyofika aliona viatu vyako havifai, akaniuliza akwambieje. Mimi nilimwambia kwetu mkwe hamkosoi mama, asikwambie kitu. Basi akasema atakuwekea tu, utafahamu mwenyewe."

Utafahamu mwenyewe! Watu gani hawa, wanakupenda bila kusema? Na watu gani sisi, mtu anatengewa kitu cha moto kila asubuhi na kila asubuhi anakitupa barafuni? Nilimkasirikia Yusuf kwa kunyamaza, nikamkasirikia Rahma kwa kumnyamazisha, na nilipotaka kuwakasirikia wengine nikaona nimebaki mimi.

Yusuf akatoka nje. Akarudi na mabuti yake, yameganda, magumu kama mawe, akayaweka pale pale kando ya jiko, yametazama mlangoni. Akaleta beseni la maji ya vuguvugu, si ya moto, maana kidole kilichokufa ganzi hakijui kinapoungua, akapiga magoti, akautia mguu wangu ndani. Mkwe kwa sheria ni mtoto, lakini haya ipo, na mimi mkwe wangu sikuwa nimempa hata mkono vizuri tangu nifike. Vidole vilipoanza kurudi vilikuja na maumivu ambayo sikuyajua hata wakati wa kuzaa. Sikulia. Nilimwambia mwanangu arudi kitandani, na mara hii alirudi.

Kuni nilizoleta hazikufika hata alasiri. Ilibidi kutoka tena. Mabuti yalikuwa yameshayeyuka, yana moto mpaka ndani, na zile soksi za marehemu mama yake zilinifika magotini. Mapana, mguu unapumua. Lakini ni ya kamba, na vidole vyangu vya mikono navyo vilikuwa vimekufa ganzi, kamba zinaniponyoka. Yusuf ana mkono mmoja. Akainama, akashika kamba ya upande wake, akaniashiria nishike ya upande wangu. Yeye akavuta huku, mimi nikavuta huku. Ilituchukua muda, na fundo la kwanza lilikuwa baya, tukalifungua tukarudia.

"Pole, Mama," akasema.

"Pole mwenyewe," nikamjibu.

Tukatoka. Yeye akisimamisha magogo, mimi nikichanja, mpaka kukawa giza. Siku umeme uliporudi, chumba cha mzazi kilikuwa na joto, na Rahma alikuwa anatoka jasho chini ya mablanketi kama inavyotakiwa. Nilimaliza arubaini ile nikitoka na kuingia na mabuti ya kamba. Kila mara nakaa mlangoni, nafungua, nafunga, nanung'unika. Na kila asubuhi yapo kando ya jiko.

Ghubra

Nimerudi na buti moja la haradali ndani ya sanduku. Nilikwenda nalo moja kwa moja kwa Kaka Seif, nikaliweka mezani mbele ya kahawa yake. Akaligeuza, akalitazama soli.

"Kiatu hakina kosa," akasema. "Wewe hukujua kukivaa."

Sikumsemesha mpaka Ijumaa. Njoroge nilimfuata dukani kwake, nikamvulia soksi nikamwonyesha kidole. Alishika kichwa, akasema, "Ai, mama, kumbe theluji ni kitu ingine!" Angalau yeye aliona haya.

Jana Rahma amepiga simu. Theluji imeyeyuka, Yusuf amelikuta buti langu la pili limelala kwenye majani, zima. Jua halizami huko sasa, jiko hawaliwashi. Akanigeuzia simu nione mtoto anavyotambaa, na nyuma yake, kando ya jiko lililozimwa, nikaona mabuti ya ngozi yamesimama, yametazama mlangoni. Damu ikanipanda.

"Mtoto anatambaa, na viatu viko hapo! Mwambie mumeo viatu havikai ndani ya nyumba."

"Nimemwambia, Mama," Rahma akasema. "Anasema hivyo si viatu. Ni vya Mama."

Nikamuuliza kama soksi zimo.

"Zimo," akasema.